Mlango wa Nyuma ni wa Majirani

Juzi huku ughaibuni, kwenye basi la kwenda Hodge Hill, nesi mmoja Mkenya alimwonyesha rafikiye simu huku amejishika shavu. Kamera ya jirani ilikuwa imenasa mtu, na grupu la mtaa likawaka moto: "Mwanamke asiyejulikana anazunguka nyuma ya nyumba. Tuite polisi?"

"Ngai! Si huyu ni mama mkwe wako?"

"Ni yeye! Amekuja kututembelea, akaenda kuwasalimu majirani. Ati mlango wa mbele ni wa wageni, majirani hupitia jikoni. Akapiga hodi, kimya. Akasukuma mlango, ukafunguka, akawaachia chapati mezani."

"Woi! Ukafanyaje?"

"Nika-apologise kwa grupu zima. Jirani akajibu, kumbe ule mlango haujifungi vizuri, na hawakujua! Fundi anakuja kesho. Halafu akauliza kama chapati zimebaki."

Walicheka mpaka dereva akageuka.

Mimi kwangu nina kamera mbili, mbele na nyuma. Zinanasa kila paka anayepita, lakini hakuna hata moja iliyowahi kuusukuma mlango wangu ione kama umefungwa. Kuniletea chapati ndiyo hata nisiseme.