Uso Uliotulia

Siku hizi kila mtu ananiambia nitulie. Muganga wa presha, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, ananiambia: "Mama, legeza mabega, vuta pumzi pole pole." Juzi nilimkatiza. Nilimwambia hayo mambo niliyajua kabla mama yake hajambeba tumboni, na kwamba mimi nikitulia, watu wanakufa. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaniita mkaidi. Haya, mkaidi. Nimekuwa mtu wa hasira tangu utotoni, na hasira haijawahi kunifanyia ubaya kama ule niliofanyiwa na utulivu.

Ilikuwa mjini Baraka, kando ya ziwa, wakati wa vita ya pili ya kwetu. Mume wangu alikuwa amevuka ziwa kwenda Tanzania kututafutia pahali kambini, akaahidi kututumia mashua. Nyumbani tulibaki watatu: mimi, binti yangu wa miezi miwili, na mama mkwe wangu. Huyo mama alikuwa amekimbia kutoka Lubondja baada ya bomu kuanguka kando ya shamba lake. Hakupata hata mchubuko, ila masikio yalikufa. Ungempigia kelele nyuma ya kisogo, asingegeuka. Akawa anasikia kwa kutazama watu usoni, na zaidi mimi.

"Mi ninasikiaka na uso yako," aliniambia, halafu akacheka, maana uso wangu huwa umekunjwa hata nikiwa nimeshiba.

Kisha maziwa yangu yakakata. Mtoto ananyonya, anaachia, analia, anarudi, anaachia. Mwanzoni alilia kwa sauti kubwa, baadaye kwa sauti ndogo, na hiyo ndogo ndiyo iliyonitia hofu. Zamani maziwa ya ng'ombe yalikuwa yanashuka kutoka Bibokoboko, kule milimani, lakini njia ile ilikuwa imejaa bunduki. Nilikunywa uji, nilikula sombe ya majani ya muhogo na ndagala za ziwani, jirani akanichemshia majani yake. Wapi! Mikono ya mtoto ikawa na ngozi iliyolegea kama ya bibi.

Nikampeleka kwa muganga mmoja, mama mtu mzima wa hospitali ya Nundu, ambaye naye alikuwa mkimbizi kama sisi. Alipokea wagonjwa kwenye darasa la shule, bila hata kidonge kimoja. Akanigusa titi, akanitazama mabega.

"Unalalaka?"

"Nitalala wapi, mama, na hizi mambo?"

"Maziwa iko," akasema. "Mwili yako ndiyo imefunga mulango. We umekaa hapa kwa kiti, lakini mwili iko inakimbia. Muntu mwenye kukimbia hanyonyeshe."

Niliudhika. Nimekuja kutafuta dawa, ananipa mahubiri! Lakini sikuwa na pengine pa kwenda, nikakaa. Akanifundisha. Egemea ukuta. Legeza paji la uso kwanza, kisha taya, kisha mabega, kisha vidole. Funga macho, ushuke ngazi kumi, kila ngazi na pumzi yake, mpaka ufike mahali ambapo hujawahi kuumizwa. Nilichagua mawe ya ufukweni nilipokuwa nikisugua sufuria nikiwa msichana. Sauti za nje, alisema, usizifukuze. Ziage moja moja, uziache ziende zake.

"Haiko bulozi, haiko uchawi," akasema. "Ni we mwenyewe unajilaza. Lakini usifanye peke yako. Kukuwe muntu wa kusikiliza inje."

Nikamjibu kwamba niko na mama mkwe. Hakuuliza zaidi, na mimi sikumwambia kwamba hasikii. Mpaka leo sijui kwa nini sikusema.

Siku tatu za kwanza niligombana na mabega yangu bure. Siku ya nne nilifika kwenye mawe yale, nikahisi baridi ya maji miguuni, na nilipofungua macho kikwembe nilichojifunga kilikuwa kimelowa kifuani. Mama mkwe aliliona lile doa kabla yangu. Akapiga vigelegele kwa sauti ya mtu asiyeisikia mwenyewe, mtaa mzima ukashtuka, nikamziba mdomo kwa kiganja huku nalia na kucheka. Mtoto alinyonya mpaka akalala na titi mdomoni.

Sasa nieleze habari ya vinu. Hapo nyuma, watu wa bunduki walipoonekana, tulikuwa tunapiga sufuria ili wengine wakimbie. Wakaanza kufyatua risasi kule kelele inakotoka. Basi bamama wa mtaa wetu tukapatana jambo lingine. Kila alasiri, saa ya kutwanga muhogo, tutwange wote. Atakayeona hatari aweke mchi chini, bila neno. Jirani akisikia kinu kile kimenyamaza, naye aache, na wa tatu aache, toka barabara ya Fizi mpaka ziwani. Kimya kikifika kwako, beba mtoto uingie kwenye matete. Mara mbili tuliokoka hivyo. Walikuta nyumba tupu na unga ungali kwenye vinu.

Kwetu alitwanga mama mkwe, na mimi nilikuwa sikio. Nikikunja uso kuliko kawaida yangu tu, yeye anaacha mchi. Kazi yangu yote ilikuwa hiyo.

Na saa ya vinu ndiyo ilikuwa saa ya mtoto kuamka na kutaka titi. Tena nitasema kweli yote: vinu vilinisaidia kushuka. Pigo moja, ngazi moja. Ona ujinga huo! Mimi nilidhani mama mkwe yuko macho, ananilinda. Yeye alidhani mimi nasikiliza, na akiuona uso wangu umetulia alijua kwamba kote ni salama, akazidi kutwanga.

Siku moja nilifungua macho nikagundua kwamba kinu cha jirani kimenyamaza, na sijui tangu lini. Nikamnyakua mtoto, nikachungulia kwa jirani. Kumbe jirani alikwenda tu kuchota maji. Ningeacha siku ile ile. Lakini mtoto alikuwa ameanza kupata vishimo kwenye viwiko, mnajua vile vya watoto walioshiba, na mimi nikajiambia kwamba kesho nitashuka huku sikio moja nimeliacha juu. Nilijidanganya. Muntu hashuki nusu.

Siku yenyewe ilikuwa mbaya tangu asubuhi. Watu walisema kuna waliopita njia ya Fizi na mabunduki, wengine wakasema ni uongo. Mashua ya mume wangu haikuwa imekuja. Titi likakataa tena, na mtoto akaanza ile sauti ndogo. Niliisikia nikapagawa. Alasiri nikaegemea ukuta, mama mkwe akashika mchi mbele yangu, nikajilazimisha kushuka.

Niliaga jogoo, akaondoka. Niliaga watoto wa njiani, wakaondoka. Niliaga vinu vya mbali, vikaondoka kimoja kimoja. Niliaga cha jirani, nacho kikaondoka. Nikajisifu moyoni: leo unafanya vizuri kuliko siku zote. Kikabaki kimoja tu, nikashuka nacho mpaka chini, na maziwa yakaja.

Nilipofungua macho mtoto alikuwa anacheua. Mama mkwe alikuwa anatwanga, ananitazama, anatabasamu. Baraka yote ilikuwa kimya. Hakuna kuku, hakuna mtoto, hakuna kinu isipokuwa kile cha kwetu: du, du, du.

Nikakunja uso. Akaachia mchi palepale, maskini, kama tulivyopatana. Lakini walikuwa wamekwisha kuingia kwenye ua. Hawakuwa na haja ya kututafuta, kinu kiliwaita.

Walikuwa wanne. Walichukua unga, sufuria, kikwembe kilichoanikwa, wakavitia vyote kwenye gunia. Mmoja akaninyooshea kidole mimi nibebe. Mama mkwe hakusikia neno, lakini kidole kinaonekana. Akasimama mbele yangu, akajipiga kifua.

"Huyu iko ananyonyesha! Mi nitabeba!"

Wakacheka. Mkubwa wao akamtazama toka kichwani mpaka miguuni, akamwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti:

"Sawa. Akichoka kule juu, mumumalize hukohuko."

Alisema hayo mama mkwe akiwa amesimama kando yake, karibu kuliko mimi. Mimi ndiye niliyesikia.

Ndipo akanigeukia. Alitaka kujua wamesema nini, akanitazama usoni kama alivyonitazama kila siku. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kumwambia akimbie. Angekimbia wapi, na bunduki nne? Na nilikuwa na mtoto mapajani. Nikalegeza paji la uso. Nikalegeza taya. Nikashusha mabega, nikatoa pumzi pole pole, nikamtazama kwa uso ule ule wa mawe ya ufukweni. Sijawahi kuufanya vizuri kama siku ile.

Akausoma. Nikaona hofu inamtoka machoni.

"Kumbe haiko mubaya," akasema kwa ile sauti yake kubwa. "Ntarudia kesho. Usiache mutoto alie."

Akajitwisha gunia, akawafuata kwa njia ya milimani, anatembea kama mtu anayekwenda shambani. Kwenye kona aligeuka mara moja kunitazama, na uso wangu ulikuwa bado umetulia.

Hakurudi kesho, wala siku yoyote. Mtoto hakulia, alikuwa ameshiba.