Simu ya Baba Siku ya Kumzika Mama

Nitawasimulia, na mkitaka kucheka chekeni, maana haya ilishaniisha, kilichobaki ni uchungu tu.

Mama alipofariki, dada yangu mkubwa, Yaya Odette, alikuwa Montréal bila karatasi za kusafiria (angetoka, asingeweza kurudi kwa watoto wake), basi nikamwahidi: usilie, yaya, mwili ukitolewa mochari na kuletwa nyumbani utamuaga mama kwa video, tena wewe ndiye wa mwisho kusema, kama mtoto wa kwanza anavyostahili. Nyumba yetu hapa Lubumbashi ina waya wa simu tangu enzi za baba, na intaneti ya kasi inapita kwenye waya huohuo. Fundi aliniachia kichujio, kadude keupe kadogo, akanionya: "Ukiunga telefone, pitisha fil hapa, sinon connexion itakufa." Yaani waya wa simu usipopita kwenye kichujio, intaneti inakatika.

Sasa mimi na majivuno yangu! Asubuhi ile, wazee wanajaa uani, nikataka waone kwamba simu ya baba (nyeusi, nzito, zamani mtaa mzima ulikuja kuiomba) bado inaishi. Waya wake ulikataa kuingia kwenye kichujio, nikauunga moja kwa moja ukutani.

Jeneza likafunguliwa, uso wa Yaya ukatokea kwenye skrini, watu wakanyamaza, akasema, "Mama, njo miye Odette..." na picha ikaganda, mdomo wazi. Nikapiga magoti kwenye modemu, nachomoa, nachomeka, jasho linanitoka, mara simu ya baba nayo ikaanza kulia mbele ya maiti! Mtu akacheka. Nikainyakua, na bila kusikiliza chochote nikafoka: "Weye muntu hauna haya? Tuko na kilio huku!" Nikaibamiza. Ikalia tena. Nikang'oa waya wake ukutani.

Modemu ikachukua muda wake kuamka, na padri hakuweza kungoja. Picha iliporudi, jeneza lilikuwa limeshapandishwa garini, Yaya anaangalia viti vitupu.

"Njo miye nilikuwa naita ku ile simu," akaniambia. "Namba ya nyumba niko naijua ku kichwa tangu butoto. Nilitaka tu umuwekee mama ku sikio."

Nikainama, nikauokota ule waya niliong'oa.

Fundi alibadilisha ule waya, simu sasa inapita kwenye kichujio. Ikilia naacha hata chakula, naiinua taratibu, nanyamaza, nasikiliza kwanza. Bado hajapiga Yaya.