Kichwa cha Nabhan

Firq, pale penye magereji kabla hujaingia Nizwa, wanawake wengi wanaoendesha gari wamefundishwa na Bi Rahila. Gari yake nyeupe ina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, naye hukaa upande wake na tasbihi mkononi, anasema, "Polepole mwanangu, rondabauti haikimbii hiyo." Kazaliwa Bujumbura, kaja Oman kigori, kaolewa, kafiwa. Mumewe, Humoud, ana miaka miwili kaburini. Mtoto anaye mmoja tu, Nabhan, naye yuko Amerika anacheza mpira.

Sasa mkisikia mpira msidhani ni huu wetu. Ni ule wa Kimarekani, umechongoka huku na huku na unabebwa mikononi. Nabhan hata huo haugusi. Kazi yake kusimama mstari wa mbele na kugongana na mtu mwenye mwili kama wake, mchezo mzima, ili mwenye mpira asifikiwe. Aliondoka na mjomba wake kwenda kusoma, mtoto wa miaka kumi na tatu mwenye mabega ya mtu mzima. Mwalimu wa michezo wa huko akamuona, na mambo yakaanzia hapo mpaka timu ya kulipwa.

Kila Jumapili ya mechi, huku watu wameshasali alasiri na kwao bado asubuhi, Nabhan humpigia mama yake kuomba radhi za mzazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Nipe radhi zangu nende."

"Radhi unazo, zangu na za baba yako. Nenda salama."

Mazungumzo ndiyo hayo, pengine na kicheko kidogo juu yake. Siku nyengine zote nyumba haina sauti ila ya kiyoyozi na ya Bi Rahila mwenyewe akisema na vyombo jikoni.

Msimu huu, Jumapili moja, Nabhan baada ya kupewa radhi hakukata simu. Akasema kichwa kinamuuma tangu wiki iliyopita, taa zinamchoma macho, na usiku halali.

"Umemwambia daktari?"

"Mama, pale kiwanjani wana daktari ambaye si wa timu, kazi yake kutuangalia vichwa tu. Nikimwambia, ananitoa. Nikitolewa, yuko mwenzangu anangoja nafasi yangu. Na Manar usimwambie, atapiga makelele." Manar ndiye mkewe, Msudani aliyekulia huko huko. "Nakwambia wewe kwa sababu humu ndani hakuna mwengine anayejua Kiswahili."

Bi Rahila akafurahi. Ndiyo, alifurahi, msimlaumu. Mtu aliyekaa peke yake miaka miwili akipewa siri na mwanawe huona kama kapewa chumba ndani ya nyumba ya mwanawe. Na maradhi yenyewe aliyajua mara moja: jicho. Watu uwanja mzima wanamtazama kijana mkubwa vile, na hata mmoja hajui kusema mashaallah! Akayasomea mafuta ya zaituni, akayafunga vizuri, akayatuma. Nabhan akacheka kwenye simu, lakini akajipaka. Akacheza. Jumapili ya pili akajipaka, akacheza.

Jumapili ya tatu akapiga kama kawaida.

"Shikamoo mama. Umekula?"

"Mimi ndiye nikuulizaye hivyo," Bi Rahila akasema, akicheka.

"Nipe radhi zangu. Na baba nipe niseme naye, nipate kabisa za wote wawili."

Nabhan alikuja mazikoni. Alilibeba jeneza la baba yake kwa bega lake mwenyewe, akashuka kaburini kumpokea.

"Baba yako, Nabhan?"

"Aah. Nimesahau tu mama, usingizi. Haya, baadaye." Akakata. Radhi hakungoja.

Asubuhi yake Bi Rahila alikuwa garini na Wijdan, msichana wa Samad Ash Shan anayesoma chuo Nizwa. Lori likatoka gereji, Wijdan akakanyaga breki mwenyewe, na mwalimu hata mguu hakuuinua.

"Abla! Leo mwalimu nani, wewe au mimi?"

"Simama pembeni," Bi Rahila akasema, na pale pembeni, mbele ya duka la matairi, akamweleza yote.

Wijdan akamtazama. "Mafuta, Abla? Mtu kagongwa kichwa wiki zote hizo, wewe unampaka mafuta? Samaki huyo?"

"Usinifanyie mzaha."

"Wallahi sikufanyii. Huo ubongo umetikisika, na kila siku anautikisa tena. Mwambie mkewe."

"Atajua ni mimi. Hatonipigia tena, namjua, ana kiburi cha baba yake."

"Basi asipige," Wijdan akasema. Alipouona uso wa mwalimu wake akaongeza polepole, "Asipige, lakini ajue nani yuhai na nani kafa."

Bi Rahila akampigia Manar hapo hapo, kwa Kiarabu. Manar hakupiga makelele. Aliuliza tangu lini, akajibiwa. "Na mimi nilidhani amenichoka," akasema.

Manar alikwenda mwenyewe kwa daktari yule. Nabhan akapimwa, akatolewa, msimu ukamwishia hapo. Alimpigia mama yake mara moja, na shikamoo hakutoa.

"Nilikwambia wewe."

"Ndiyo, mwanangu."

"Wewe, mama. Sikumwambia mwengine."

"Kwa hivyo nani mwengine angesema?"

Akakata. Jumapili ikaja bila simu, na ya baada yake. Bi Rahila aliiweka simu juu ya meza, akaigeuza uso chini, akaigeuza tena.

Wiki ya nne alipiga Manar. Nabhan analala sasa, akasema, pazia zimefungwa, kichwa kimepungua, lakini daktari bado hajui kama atarudi kiwanjani. "Yuko hapa mezani, khala," akamwambia mkwewe, "ngoja nimpe."

Bi Rahila akasikia kiti kinavutwa, na sauti ya mwanawe, ya chini, ikisema la.

"Samahani, khala..."

"Mwache. Lakini usikate, mwanangu. Iache simu hapo hapo mezani."

Manar akaiacha. Bi Rahila akakaa kitako sebuleni kwake, simu sikioni. Kijiko kikagonga kikombe. Mtu akakohoa. Maji yakafunguliwa, yakafungwa. Nabhan akauliza chumvi iko wapi, kwa Kiingereza, na neno hilo moja mama yake alilielewa.

Manar aliporudi kuichukua simu akashtuka. "Bado upo, khala?"

"Nipo," Bi Rahila akasema. "Msinijali. Endeleeni kula."