Ubani Uliofunga Milango

Kama hujawahi kumwona mtu akibomoa kazi ya mikono yake mwenyewe huku anapiga mluzi, basi hukumwona Fundi Manthos majira ya baridi yale, ndani ya meli Anthusa, hapa kwetu Perama, mji wa mafundi wa meli. Mtaimbo mkono wa kulia, sigara isiyowashwa mdomoni, anabandua ubao baada ya ubao. Sigara haikuwashwa kwa sababu ni marufuku kuvuta melini. Ilikaa mdomoni kwa sababu Manthos bila sigara hajui aweke wapi midomo.

Mbao zile alizibandika yeye. Alikuja kwetu akiwa kijana kutoka kisiwani Hios, akajifunza useremala wa meli kwa Fundi Sarantis, mzee mkali ajabu ambaye kipande kisipomridhisha alikitupa baharini mbele ya aliyekichonga. Wakati huo Anthusa ilikuwa inageuzwa kuwa meli ya watalii, na kuta zake zote, toka ukumbi wa dansi juu hadi korido za mabaharia chini, zilivikwa mbao za mjozi. Zilipakwa vanishi hadi ukaweza kunyolea ndevu mbele yake. Manthos alipomaliza kazi ile alikuwa fundi kamili, na alikuwa ameposa.

Miaka thelathini na zaidi ikapita, zikaja sheria mpya za moto. Meli kuukuu ambayo haitaondoa vitu vinavyoshika moto haitabeba tena abiria, iwe ya nani, iwe nzuri namna gani. Matajiri wengi walizipeleka zao pwani za mbali zikakatwe chuma chakavu. Mwenye Anthusa akasema ajaribu. Akatafuta seremala anayejua kila ubao ulipopigiliwa, na hapo hakukuwa na wa kushindana na Manthos.

"Fundi, kumbe ulikuwa unajitengenezea kazi ya uzeeni!" Tzanis, fundi wa umeme, hakumpa nafasi ya kupumua. "Unabandika ukiwa kijana, unabandua ukiwa babu."

"Nyamaza, panya wa nyaya. Mimi angalau kazi yangu inaonekana."

"Inaonekana wapi? Kwenye pipa la takataka?"

Kuta mpya zilikuwa za bati, tumboni zimejazwa sufi ya mawe isiyoshika moto, na usoni zimechapwa picha ya mbao. Manthos alizigonga kwa kidole, akasikiliza, akakunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyolala. "Bati limevaa picha ya mti," alisema. Lakini sheria yenyewe hakuisema vibaya hata siku moja, na wenzake walishangaa, maana Manthos husema vibaya hata hali ya hewa ikiwa nzuri.

Alikuwa na sababu. Ujanani, katika meli nyingine iliyokuwa matengenezoni, cheche ya mchomeleaji ilidondoka kwenye vanishi. Korido ikawa nyeusi kabla watu hawajamaliza kupiga kelele. Manthos alitoka kwa kutambaa, ameshika upindo wa suruali ya mtu aliyekuwa mbele yake. Hakuwahi kujua alikuwa nani, na kila akienda kanisani humwashia mshumaa, humwita Mwenye Suruali, na Mungu bila shaka anamjua. Nyumbani hakusimulia. Mkewe, Evdokia, alijua tu kwamba mumewe halali chumba kikiwa na dirisha lililofungwa, hata theluji ikianguka.

Sasa sikiliza jambo lililomnyima usingizi. Mwanawe wa pekee, Lemonia, alikuwa mhudumu wa vyumba katika Anthusa hiyohiyo, na chumba chake cha kulala kilikuwa chini kabisa, mwisho wa korido ya wafanyakazi. Meli ikipita ukaguzi, Lemonia atasafiri nayo masika. Ikishindwa, itauzwa chuma, na binti atabaki bila kazi katika mwaka ambao kazi zilikuwa zinatoweka nchi nzima. Manthos aliomba ipite. Ila aliomba zaidi kwamba siku moshi utakapokuja kweli, usifike kwenye kile chumba.

Na bado, binadamu ni binadamu. Mlangoni mwa korido ile ya chini, ndani ya fremu, palikuwa na ukanda wa mjozi, upana wake kidole kimoja. Kilikuwa kipande cha kwanza alichochonga Manthos ambacho mzee Sarantis alikitazama, akakigeuza, asikitupe baharini. Manthos aliuweka mtaimbo juu yake, akauondoa. Akauweka tena. "Kidole kimoja tu," alijiambia. "Nani ameungua kwa kidole kimoja?" Akaupaka ukanda rangi ya kijivu ufanane na chuma, na mlango ulipojaribiwa mwezi wa Disemba, ulifunga vizuri. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini wahenga hawakuwa na ubao wao wa kwanza pale.

Ukaja mwezi wa Januari na upepo wa kusini, mvua wiki nzima, mpaka shuka zikawa na unyevu kitandani. Mkaguzi, Bwana Iordanis, akapangiwa kuja mkesha wa Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Siku hiyo mapadri wetu huzunguka nyumba kwa nyumba na meli kwa meli, wakinyunyiza maji ya baraka kwa tawi la mrihani. Watu mia walijua mkaguzi anakuja. Watu mia walijua padri anakuja. Hakuna hata mmoja aliyeunganisha mambo hayo mawili, na angeyaunganisha, nani Perama angesimama kwenye ngazi ya meli amwambie padri arudi kesho?

Basi mkaguzi akiwa mezani na kikombe cha kahawa, kabla hajafungua hata mkoba, Padri Gavriil akapanda. Mwaka ule, kwa heshima ya meli iliyoponea chupuchupu kukatwa chuma chakavu, alikuja na chetezo pia. Akashuka ngazi hadi chini, anaimba, anapunga, ubani unafuka.

Asubuhi hiyo Tzanis alikuwa amewasha vile vidude vya kunusa moshi darini, mafundi waliviita pua. Pua zilikuwa mpya, hazijawahi kunusa kitu, na ubani wa Padri Gavriil haukuwa wa kubania.

King'ora kikalia meli nzima. Sumaku zilizoshikilia milango ya moto wazi zikaachia, na milango ikaanza kujifunga, mmoja baada ya mwingine, kwa kishindo.

"Jamani!" Padri aliganda, chetezo juu. "Nimekosea mstari gani?"

"Hujakosea, Baba Padri!" Tzanis alikuwa anacheka hadi machozi. "Umebariki pua zangu! Zinafanya kazi!"

Wote wakacheka, isipokuwa Manthos. Miguu yake ilikuwa imeshamchukua. Alishuka, akafungua mlango, ukajifunga nyuma yake, akafungua mwingine, nao ukajifunga, mpaka akafika ile korido ya chini. Mlango wa pale ulikuwa umesimama. Ukanda wa mjozi ulikuwa umekunywa unyevu wa wiki nzima, ukavimba, ukaubana mlango pembeni ukiwa bado na pengo la kiganja. Na kwenye pengo lile ubani ulikuwa unapita, taratibu, bila haraka yoyote, unaelekea vyumbani.

Manthos alisimama akiutazama. Alijua moshi unavyotembea.

"Baba?" Lemonia alitokea upande wa pili, amevaa koti la kujiokolea, maana wafanyakazi walishaitwa melini kwa mazoezi. "Mbona umekuwa mweupe hivyo? Ni ubani tu. Hata mie nimeusikia nikadhani bibi amefufuka na chetezo chake."

"Toka hapo, mwanangu."

"Baba, hakuna moto."

"Nimesema toka!"

Nyuma ya Manthos, Bwana Iordanis alikuwa ameshafika, kikombe bado mkononi. Akautazama mlango. Akapitisha kidole kwenye fremu. "Chuma hakivimbi," akasema. "Hapa pana nini, fundi?"

Manthos angeweza kusema hajui. Rangi ilikuwa nzuri, na kwenye meli yenye mafundi mia, lawama ingeweza kumwangukia yeyote. Lakini binti yake alikuwa amesimama pale, na moshi ulikuwa umempita begani.

"Pana mimi," alisema. "Ni ubao. Niliuacha kwa makusudi, nikaupaka rangi. Ulikuwa ubao wangu wa kwanza, nikauonea huruma."

Lemonia akaangalia fremu, akamwangalia baba yake. "Mimi nalala humu, baba," alisema, wala hakupaza sauti.

"Najua. Ndiyo maana nimekimbia."

Mkaguzi akanywa kahawa iliyobaki. "Mimi ninaandika ninachokikuta jioni, sio ninachokikuta kwa bahati asubuhi," akasema. "Ila sitaandika kwamba mlango unafunga kama haufungi, hata Mtakatifu Nikola ashuke mwenyewe kunibembeleza. Unao muda, fundi. Utumie."

Manthos akachukua mtaimbo. Safari hii aliuweka juu ya ukanda, hakuuondoa. Ukanda ulitoka kwa mvuto mmoja, na Tzanis, ambaye ulimi wake ulikuwa umepumzika kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, alileta kipande cha chuma cha upana uleule, wakakifunga kwa skrubu wakiwa wawili, bega kwa bega. Mlango mwingine wowote Manthos angeupima mara moja. Huu aliufungua na kuufunga mpaka Tzanis akasema, "Fundi, utaumaliza kabla wageni hawajaja."

Jioni, mkaguzi alipomaliza mengine yote, akamgeukia Padri Gavriil, ambaye alikuwa amekataa katakata kuondoka kabla hajaona mwisho wa alichokianzisha. "Baba Padri, umebakiwa na ubani?"

"Mwanangu, mkesha wa Ubatizo? Ninao wa kutosha meli ya Nuhu."

Lemonia akaingia koridoni mwake, akaenda hadi chumbani. Manthos akabaki nje, upande wa moshi, kavua kofia. Padri akapunga chetezo mpaka macho yakawawasha wote. King'ora kikalia, sumaku ikaachia. Mlango ukaja wenyewe, mzito, ukagota mahali pake.

Ubani ukajaa upande wao. Ulipanda ukutani, ukatafuta upenyo kwenye fremu, juu, pembeni, chini. Manthos akabandika mdomo kwenye chuma.

"Lemonia! Unanusa nini huko?"

"Rangi mpya!"

"Nini kingine?"

"Soksi za mtu wa chumba cha jirani!"

"Ubani je? Niambie kweli, mwanangu. Ubani unausikia?"

Binti yule akavuta pumzi kwa dhati, kwa ajili ya baba yake.

"Hapana, baba," akajibu. "Huku hakuna kitu."

Manthos akaweka paji la uso juu ya mlango. Akamshukuru Mungu, akamshukuru padri na chetezo chake, akamshukuru Mwenye Suruali asiyemjua jina, kwa sauti, mbele ya wenzake wote, huku moshi ukimtoa machozi ambayo hakujisumbua kuyafuta. Mkaguzi alimwambia mara mbili kwamba sasa wanaweza kufungua.

"Bado," alisema Manthos. "Uacheni kidogo ufunge."