Sela Hana Maana

Harufu ya karanga zinazokaangwa hapa Chang'ombe hunirudisha kijijini kwetu Gulwe, kwenye kitabu cha Zaburi cha baba. Alikisoma kila jioni huku akitafuna karanga, hata pembe za kurasa zikalainika kwa mafuta ya vidole vyake.

Baba alikuwa mkulima. Kusoma alijifunza ukubwani, neno kwa neno, kidole kikitangulia. Mara nyingi alikutana na neno moja lililokaa peke yake mwishoni mwa mstari: Sela. Aliamini ni jina la mtu ambaye mwenye zaburi alimpenda mno, ndiyo maana hakuchoka kumwita. Nilipozaliwa, akanipa mimi. Akilifikia alinyamaza, akainua macho, akaniangalia. Nami nilikaa mkekani nikisubiri zamu yangu.

Niliringia jina hilo hadi darasa la nne. Siku moja mwalimu wa dini akatueleza, bila ubaya wowote, kwamba Sela si jina la mtu. Ni neno la Kiebrania, na maana yake haijulikani.

"Kumbe Sela hana maana!" akadakia mvulana wa dawati la nyuma.

Darasa zima likaangua kicheko. Kufika mapumziko walishanitungia jingine: "Msela huyo! Msela asiye na maana!"

Nyumbani nilikataa ugali. "Baba, kwa nini hukuuliza kwanza?"

Asubuhi yake baba alivaa shati lake la kanisani, tukaongozana hadi shuleni. Alisimama mbele ya mwalimu, kijana wa kumzaa, kofia mkononi.

"Nisaidie, Mwalimu. Mwandike Esta. Mimi sikusoma."

Nilitazama sakafu. Nilimwonea baba aibu.

Ukubwani nimejifundisha Kiebrania kidogo, kwa kamusi tu. Wataalamu hawajakubaliana hadi leo. Wapo wanaosema neno hilo linahusu kuinua. Wengine hudhani liliwataka waimbaji wanyamaze kidogo. Nilipoyasoma hayo nilifunga kamusi, maana niliona uso wa baba.

Aibu niliyo nayo sasa ni nyingine. Baada ya siku ile baba aliendelea kusoma jioni, lakini akifika pale kidole kiliruka upesi hadi mstari unaofuata. Hakunyamaza tena, wala hakuinua macho. Nami mkekani nilifurahi. Nilidhani sasa amejua kusoma.