Mkokoteni Uliobeba Kokoto

Ijumaa ya kwanza ya masika, mwaka 1956, nilifiwa na mume wangu. Mkokoteni wake ulikuwa umetangulia kututoka, na nikiusimulia msiba ule siwezi kutaja kimoja nikaacha kingine.

Alikuwa mchukuzi pale sokoni Kariakoo. Alisukuma magunia ya mchele, mikungu ya ndizi na marobota ya vitambaa vya maduka ya Wahindi. Mwaka ule faini za barabarani zilipandishwa sana. Gari lenye kipaza sauti lilipita mitaani likitangaza kwamba mwenye baiskeli isiyo na taa, mwenye mkokoteni usio na kibao cha leseni, na mwenye motokaa aliyeisimamisha pasipostahili, wote watalipa, na fedha hizo zitatengeneza barabara zetu. Barazani kwetu watu walibishana hadi kahawa ikapoa.

"Ni haki," alisema fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele. "Bora alipe mkosaji kuliko sote tuongezewe kodi."

"Mwenye motokaa akilipa, anakwenda zake kula," mume wangu akamjibu. "Mimi nikilipa, chakula chenyewe ndicho nilichotoa."

Wakacheka wote, naye akacheka. Lakini barabara aliitaka. Kila masika mtaa wetu uligeuka tope, na magurudumu yalizama mpaka asukume kwa kifua. Alipokamatwa mara ya kwanza, kwa kukosa taa jioni, alilipa, akarudi akisema sasa naye ana kipande chake cha lami. Utani ule ukaenea mtaani. Kila aliyetozwa faini aliulizwa kipande chake kitapita mlangoni kwa nani.

Mara ya pili alikamatwa kwa sababu kibao cha leseni kiling'oka njiani. Faini ilituzidi uwezo, na mkokoteni ukazuiwa. Akaanza kubeba magunia kichwani ili apate cha kuukombolea. Kifua kikambana. Alilala Jumatano, na Ijumaa tukamzika.

Sisemi kwamba faini ndiyo iliyomuua. Kifua kilimsumbua tangu zamani. Nasema tu jinsi mambo yalivyofuatana.

Basi nikakaa eda. Kwetu mjane hatoki wala hasemi na wanaume wa nje, na somo yangu, mama aliyenifunda tangu usichana wangu, alihamia chumbani kwangu kunisimamia. Nilitakiwa kutulia. Sikuweza. Nilikunja kanga nikazikunjua. Nilipepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Nikikaa, miguu ilitaka kusimama. Nikisimama, sikuwa na pa kwenda. Mawazo yangu yalikuwa kwenye ule mkokoteni. Mume wangu hakuniachia mali nyingine. Kama ningeupata, ningemkodishia mchukuzi mwingine nikapata posho, la sivyo ningerudi kwa kaka yangu na kumwongezea tumbo la kulisha. Shemeji yangu wa Ilala alikwenda kuuliza, akaambiwa faini kwanza.

Mvua zilipopungua, barabara ikaanza. Lori lilimwaga rundo la kokoto kando ya nyumba yetu, na vibarua wakawa wanazichota kupeleka kule lami ilikoanzia. Moshi wa lami iliyochemka uliingia mpaka kwenye mashuka. Asubuhi moja, katikati ya kelele zile, nikasikia gurudumu likilia: mlio mrefu, mfupi, kisha kimya. Ekseli ilipovunjika, mume wangu alipachika bomba la maji, na tangu hapo mkokoteni wake haukulia kama mwingine wowote. Jioni nilikuwa naanza kupakua nikiusikia konani.

"Ni wetu ule," nikamwambia somo.

"Mwanangu, mfiwa husikia mengi."

"Chungulia basi. Ubavuni pana ubao wa sanduku la chai."

Akafungua dirisha. Nikabaki nyuma ya pazia nimeshika upindo wa kanga yake.

"Upo," akaninong'oneza. Kisha akapaza sauti: "Nyie akina baba! Huo mkokoteni mmeutoa wapi?"

"Wa barabara huu, mama," kibarua mmoja akajibu.

"Barabara imezaliwa lini hata iwe na mali?"

Vibarua wakaangua kicheko. Yule mmoja akaeleza kwa adabu kwamba mikokoteni ambayo haikukombolewa ilitolewa ibebe kokoto, na kazi ikiisha itauzwa.

Nikamvuta kanga. "Muulize itaisha lini."

"Mwenyewe anauliza, kazi itaisha lini?"

"Mpe pole mwenyewe. Labda mwezi ujao, Mungu akipenda."

Mwezi ujao nami ningekuwa bado ndani. Tangu siku ile niliamka nikitega sikio. Gurudumu likilia, nilipumua: bado haujauzwa. Likikawia, nilizunguka chumbani mpaka somo akanikemea.

Siku moja halikulia kabisa. Adhuhuri ikapita. Somo alinitazama nikizunguka, akasimama, akanirushia buibui.

"Vaa. Haja ya riziki ina ruhusa mchana. Tutarudi kabla ya jua kuzama."

Tuliukuta konani, mbele ya maduka, umelala ubavu. Bomba lilikuwa limepinda na gurudumu moja limelegea. Somo akamweleza msimamizi kwamba aliyetozwa faini ameshakufa. Msimamizi aliutazama mkokoteni kuliko alivyotutazama sisi.

"Huu nilikuwa nautoa ukawe kuni," akasema. "Uchukueni."

Tukauinua, tukausukuma. Juu ya lami ulikwenda, ijapokuwa ulipepesuka na kulia. Lami ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Lakini iliishia karibu na kona, nyumba kadhaa kabla ya yetu. Kibarua alituambia fedha zimekwisha, watarudi. Mchanga ulipoanza, gurudumu likazama, tukakwama.

Fundi cherehani alituona kutoka barazani. Akaacha mashine yake, akaja akashika upande ulioanguka. Tukaunyanyua watatu mpaka nyumbani, tukauegemeza ukutani, nami nikaingia ndani kumalizia eda yangu.