Mji wa Essen na Mihogo ya Makere

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, mke wangu alirudi kutoka mtoni na beseni tupu.

"Nenda ukaione kazi yako, baba," alisema.

Hapa kijijini Makere tulikuwa tumevundika mtoni magunia matatu ya mihogo tupate udaga, mihogo iliyochachushwa na kukaushwa, wa kuuza gulioni. Fundi cherehani wa Kibondo alikubali kumfundisha binti yetu, na ada aliitaka Jumatatu.

Nilikuta maji meupe kama uji, yananuka uchachu. Kwa siku nne mihogo hulainika hadi ikamegeka kwa vidole. Yetu, siku ya nne hiyo, ilikuwa bado migumu, imeshika utelezi wa kijivu. Kiwanda kipya cha wanga, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwetu kuelekea chanzo cha mto, kilikuwa kimeanza kumwaga maji yake mtoni wiki hiyo.

Mke wangu hakunionea. Shuleni niliishia darasa la saba. Kidato cha nne nilijisomea ukubwani, kwa kitabu kimoja cha jiografia nilichonunua Kasulu. Sura ya viwanda ilieleza mji wa Essen, Ujerumani. Nilikariri faida: makaa ya mawe, reli, ajira, mji kukua. Kijiji kilipojadili kukipa kiwanda ardhi, nilisimama mkutanoni nikazisoma zote, na tangu siku hiyo wakaniita mwalimu. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa masizi kwenye nguo zilizoanikwa, familia kubanana vyumbani, na mto kugeuzwa mfereji wa maji machafu. Huo sikuusoma. Nilipojiandaa kwa mtihani niliuruka, na mkutanoni nikauruka tena.

Jioni nilimpelekea kitabu mwenye duka, mjumbe wa serikali ya kijiji, ambaye vyumba vyake vinne amewapangisha vibarua wa kiwanda. Nikamsomea ukurasa ule niliouruka.

"Hao Wajerumani walikufa wote?" aliuliza.

"Hapana, lakini mto wao..."

"Walitajirika?"

"Walitajirika."

"Sasa mwalimu, unatutisha na utajiri?"

Wateja walicheka. Mama mmoja aliyekuja kununua chumvi akaongeza: "Faida ulizitangaza kama redio. Hasara unakuja kuzinong'ona dukani!"

Mjumbe aliniambia niandike barua kwa serikali ya kijiji. Niliiandika usiku huo, kurasa mbili, na hadi leo haijajibiwa.

Mihogo tuliimwaga. Ijumaa nilimpigia fundi kuomba wiki mbili; akasema nafasi ya binti yetu ameshailipia mzazi mwingine. Kwa bei ya gulio la Jumamosi hiyo, tulipoteza shilingi tisini na sita elfu.